Chumvi ya Kisima cha Mogitu

Evaline, fundi wa kupima visima, alisoma namba mara mbili. Jumanne, chumvi aliyoimimina katika kisima cha Mogitu ilipungua kwa nusu ndani ya dakika arobaini. Leo Alhamisi, kisima kilekile, chumvi kiasi kilekile, dakika mia mbili zimepita na nusu haijafika.

Kanuni yenyewe ni nyepesi: maji yapitayo chini ya ardhi huibeba chumvi, na yakipita kwa kasi, chumvi huisha upesi. Kwa namba ya Jumanne, Mogitu wangefungiwa pampu ya sola. Kwa namba ya leo, pampu hiyo ingekikausha kisima kabla kiangazi hakijaisha.

"Shikamoo, mzee Yoakimu."

"Marahaba, mwanangu. Kimekubali?"

Yoakimu ndiye mshika ufunguo wa kisima. Mkewe, Agatha, alikuwa ndani amelala, kiuno kimemshinda kwa miaka ya kuvuta ndoo kwa kamba.

"Jumanne nilipokwenda Endasak kufuata betri, kuna mtu alichota maji?"

"Ulisema watu wasichote. Hakuchota hata mmoja."

Evaline alitazama birika la mifugo. Matope yake yalijaa alama za kwato.

"Na ng'ombe?"

"Ah, hao!" Mzee alicheka. "Sulle alipita na kundi lake kutoka bondeni. Nikamwambia kisima kina chumvi leo. Akasema, 'Kumbe umetupikia!' Tukavuta ndoo kama hamsini. Ng'ombe na chumvi, mwanangu, utawanyimaje?"

"Basi chumvi haikwenda na maji, mzee. Imekwenda na Sulle."

Kicheko kilikatika. Yoakimu alitazama mlango wa nyumba yake.

"Ile ya Jumanne umeshaiandika?"

"Nimeiandika."

"Si uiache tu."

Evaline alipiga hesabu ukingoni mwa daftari, akairudia, kisha akaikata namba ya Jumanne kwa mstari mmoja.

"Sola hapana. Lakini maji haya yanaitosha pampu ya mkono. Nitaiombea hiyo."

"Hiyo nayo inavutwa?"

"Mpini tu, juu na chini. Mama hatainama tena. Ila kwanza nipime mara ya tatu, kesho."

Mzee alifunga kifuniko, akatia kufuli, akamkabidhi ufunguo. Evaline alimpa pakiti ya chumvi iliyobaki.

"Ya Sulle. Ng'ombe wake wailambie hukohuko bondeni."