Viatu vya Kumsindikiza Viola

Miguu yangu ni mipana. Mimi nimeizoea, ila wenye maduka ndio hawajaizoea. Zilipobaki wiki tatu binti yangu Viola aolewe, nilizunguka Bungoma mjini kutwa nzima nikitafuta viatu. Vya saizi arobaini vilinibana pembeni. Vya arobaini na tatu vilitosha upana, lakini huko nyuma ilibaki nafasi ya kufugia kuku. Kila muuzaji aliniambia vitapanuka tu. Nimevaa viatu vya kupanuka miaka thelathini, na kilichoongezeka ni sugu.

Sikutaka kumsindikiza mtoto wangu wa pekee kanisani na sandak za mpira, wala kuchechemea mbele ya wakwe.

Mchumba wake, Gathii, ni fundi wa viatu huko Kitale. Jumapili moja alikuja kwetu Kanduyi, akasikia habari hiyo, akatoa futi mfukoni na kupiga magoti mbele yangu. "Mama, leta mguu nipime."

Dada yangu aliyekuwa akikoroga chai aliacha kukoroga. Kwetu Wabukusu, mama mkwe na mume wa binti yake hata mkono hawapeani, sembuse mguu. Kijana wa watu, Mkikuyu wa Trans-Nzoia, hakuna aliyekuwa amemwambia. Viola alimwinua na kumweleza, naye akaomba msamaha mpaka nikamhurumia. Tukakubaliana Viola anichoree mguu kwenye katoni, ampelekee.

Kesho yake nikasimama juu ya katoni chumbani. Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Nilimfikiria mkwe wangu akiutandaza mguu huo mezani, mafundi wenzake wakiuchungulia, na nikaona aibu. Viola alipoinama na penseli, nikakunja vidole na kuubana mguu, kama mtu anayevuta tumbo ndani akipigwa picha. Viola hakugundua.

Viatu vilifika Jumatatu ya wiki ya arusi. Ngozi ya kahawia, soli zimeshonwa kwa mkono, vizuri ajabu. Vilinibana kuliko vya dukani.

Viola alivitazama, akachukua simu na kuweka laudspika. Alimfokea Gathii vibaya. Alimuuliza kama huo ndio ufundi anaojisifia, na kama kiatu cha mama mmoja kimemshinda, nyumba ataiweza? Gathii hakujitetea sana. Alisema alikata kama alivyochorewa, lakini kama vimebana basi kosa ni lake, na atashona vingine hata kama hatalala. Viola akasema labda walikuwa wameharakisha mambo. Labda arusi ingengoja.

Nilikuwa nimeketi kitandani, kiatu kimeingia nusu, uso unaniwaka. Mtoto wangu alikuwa anataka kumwacha mtu mzuri kwa sababu ya vidole vyangu. Tangu nimjue Gathii, sikuwa nimewahi kusema naye moja kwa moja. Nikachukua simu.

"Gathii, wewe ulikata vizuri. Ni mimi nilikunja mguu. Niliona aibu."

Viola alinikodolea macho.

"Basi kunjua, mama," Gathii akasema. "Ngozi iko ya kutosha."

Viola aliniomba simu, akatoka nayo nje. Sikusikia walichoambiana, ila aliporudi macho yalikuwa mekundu na alikuwa na katoni nyingine mkononi. Nikapanda juu yake, nikaachia vidole vyote vitandae vinavyotaka. Penseli ilitoka nje ya katoni ikachora sakafu, na Viola akacheka mpaka akakaa chini. Nami nilicheka, ingawa machozi yalikuwa yananitoka.

Jumamosi, nikiwa na viatu vipya alivyonishonea, nilitembea na binti yangu tangu mlango wa kanisa mpaka mbele, bila kuchechemea. Gathii hakunitazama usoni, sasa anaijua adabu yetu. Alitazama viatu. Nikaongeza hatua mbili zisizohitajika, avione vizuri.