Kuku wa Mkwe na Mtaro Wetu

Mvua ya kwanza mwaka huu iliingia dukani kwangu bila hodi. Iliingia na machicha ya ulezi, ikalowesha vitambaa vya sare na kufunika pedeli ya cherehani. Mimi Violet nikapanda juu ya stuli na kutukana mpaka madereva wa malori waliokuwa foleni ya mpakani wakapunguza redio wanisikilize.

Machicha yalikuwa ya jirani yangu wa upande wa juu wa mtaa, Mama Tusekile, mpika pombe ya ulezi. Zamani wafugaji wa nguruwe walikuja kuyazoa. Walipohama, akaona mtaro wa maji ya mvua unamtosha. Sheria ndogo za mji zinakataza, faini ipo, na msimamizi wake mtaani kwetu ni Boazi, bwana afya. Huyo hana utani na kazi. Aliwahi kumpiga faini mwosha malori aliyemwaga oili chafu mtaroni, na mwosha malori huyo wanaimba naye kwaya moja.

Tatizo ni kwamba Boazi amemuoa Tusekile.

Katika ukoo wao, mkwe haongei na mama mkwe wala hamtazami usoni mpaka mama mwenyewe amlishe kuku. Baada ya hapo anakuwa mtoto wa nyumbani. Tusekile sasa ana watoto wawili, na kuku bado hajachinjwa! Kila nilipomwita Boazi, Mama Tusekile alitoa kigoda chake, akakaa langoni kupepeta ulezi. Boazi akimwona tu, anageuza pikipiki. Nilimchukia yule mama kwa moyo wangu wote, ingawa pombe yake ni tamu.

"Huyo kuku mbona hachinjwi?" nilimuuliza siku moja.

"Bado anakua," akanijibu, hata haya hana.

Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, wingu limejaa upande wa Zambia, nami nina oda ya sare za shule nzima. Maji yakiingia tena, nafunga duka. Nikamfuata Boazi ofisini, nikalia mbele yake. Sikulia kwa hila, nililia kweli.

Alikuja mchana uleule. Mama Tusekile yuko langoni, kigoda, ungo, ulezi. Safari hii Boazi hakugeuza pikipiki. Alimpa mama mkwe kisogo, akamkabili beberu wake aliyefungwa kwenye nguzo ya umeme, akakohoa.

"Bwana Beberu," alisema kwa sauti ya ofisini, "ni marufuku kutupa taka kwenye mtaro wa mvua. Mwenye nyumba yako atalipa faini, na mtaro auzibue leo. Akikataa, tutakutana mahakamani."

Mtaa mzima tukaangua kicheko. Mama Tusekile alijaribu kununa, akashindwa, mabega yakaanza kumtikisika.

"Beberu, mwambie bwana afya mgongo unaniuma. Siwezi kushika koleo."

"Beberu, mwambie mama mvua haitasubiri mgongo upone."

Mama Tusekile akatazama wingu, akatazama mlango wangu, akainuka na kuingia ndani. Punde tukasikia kuku akilia uani, kisha kimya. Nikajua nimekwisha. Anamlisha ili amfunge mdomo.

Boazi alikaribishwa barazani, akala ugali na kuku mpaka firigisi. Aliponawa mikono, akainua uso na kumtazama mama mkwe wake kwa mara ya kwanza.

"Asante sana, Mama. Faini utailipa kesho."

Nilitaka kumkumbatia.

"Nitalipa, mwanangu," alisema Mama Tusekile kwa upole ulionishtua. Kisha akatoa koleo nyuma ya mlango. "Lakini sasa wewe ni mtoto wangu, na mtoto hutumwa. Shuka mtaroni."

Boazi alicheka, akavua viatu, akashuka. Mimi nilikuwa nimeshatangulia na jembe langu. Mama Tusekile alitusimamia, akituelekeza kwa mwiko, mgongo hata hauumi.

Jioni mvua ilishuka kwa hasira. Maji yakaja mbio, yakapita mbele ya mlango wangu, yakaenda zake. Nilikaa kwenye cherehani miguu mikavu, nikishona kola na kutafuna paja alilonitumia Mama Tusekile. Lilikuwa gumu ajabu. Kuku yule alikuwa amekua kweli.