Nabii Asiye na Kaburi

Mchonga mawe ya makaburi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Patasi, alikuwa mwongo wa kuheshimika. Aliwahi kuapa kwamba marehemu mmoja alifufuka kusoma herufi zake, akaridhika, akarudi kulala. Ila jina la mwanawe hakulifanyia mzaha. Yeye na mkewe walikwisha kuzika vichanga viwili. Wa tatu akamwita Eliya.

"Huyu nabii hana kaburi popote," alimwambia mkewe. "Alipaa mzimamzima na gari la moto. Kifo kitamshikia wapi?"

Mtoto akakua, akavuka mipaka kutafuta riziki. Barua ya kwanza ilitoka kwa Elias. Nchi ya pili wakamwita Ilya. Ya tatu alioa, akasilimu, akawa Ilyasi. Nabii ni yuleyule, kila watu na ulimi wao. Mzee naye akatangaza karakanani kwamba ana wana watatu ughaibuni, na wote wamerithi kipara chake.

Kisha mkwe akapiga simu. Homa ya mapafu, siku nne tu. Walikwisha kumzika.

"Baba," alisema kwa Kiswahili alichofundishwa na mumewe, "alikuwa anasema hakuna mkono kama wako. Tuchongee jiwe. Jina andika unalotaka wewe. Ila huku wanamjua Ilyasi, na ndio watakaopita kumwombea."

Jiwe lilikaa mezani siku tisa. Mzee aliyechonga majina ya nusu ya mji akawa anapiga msasa mahali palipokwisha kulainika.

"Andika Eliya," mkewe alisema. "Huyo Ilyasi mimi sikumzaa."

"Nikiandika Eliya, wapita njia watauliza huyu nani. Nani atamng'olea magugu?"

"Uchungu wa mwana naujua mimi. Wewe unajua patasi. Kwa hiyo tuwape mwana wetu?"

"Wanaye tayari, mama. Sisi ndio hatuna."

Mama akaingia jikoni, na sufuria zikapata kipigo kisichokuwa chao.

Kesho yake mzee akachonga Ilyasi, herufi sita, asubuhi nzima. Alipomaliza akaligeuza jiwe. Upande wa chini ndio ungeshikana na saruji kaburini, na mafundi huuacha na makovu yake ya msumeno. Yeye akausugua hadi ukang'aa, akachonga Eliya, akamwita mkewe.

Mama akapitisha kidole ndani ya kila herufi, kama anayeondoa tongotongo.

"Hapa si ndipo panapofukiwa?"

"Ndipo."

"Hakuna jicho litakalopaona."

"Hakuna."

"Sasa umepasugua hivi kwa ajili ya nani?"

Mzee Patasi akafungua kinywa. Miaka yote hiyo, na leo akakosa uongo wa kumpa.

Mchukuzi akapiga hodi mlangoni; alikuwa ameshaleta sanduku la mbao la kusafirishia jiwe. Ilibidi jiwe liingie humo jina la Ilyasi likiwa juu. Wakalishika huku na huku, wakaliinua, likasimama wima katikati yao. Hapo mikono ya mama ikagoma.

"Tunamlaza kifudifudi," akasema. "Mtoto huyu hakuwahi kukubali kulala kifudifudi. Alikuwa analia mpaka nimgeuze."

"Shika vizuri, mama watoto."

"Nimeshika."

Mchukuzi akapiga hodi mara ya pili. Hakuna aliyeitikia, wala hakuna aliyeliachia jiwe.