Mtumbwi wa Mkwe

Wazee walikuwa wamekaa ukumbini kwa Sebastiani, kule Lipangalala, na kikao kilikuwa kinaelekea kubaya. Nyuma ya ua wa matete Natalia alikuwa anachagua mchele uliokwisha kuchaguliwa jana, masikio yote huko. Wakikosana leo, hatarudi Namawala kwa mumewe. Na alitaka kurudi. Alimkumbuka Ildefonce mpaka harufu ya moshi wa samaki kwenye shati lake. Nani atamlaumu? Alimpenda.

Chanzo kilikuwa heshima, tena heshima ya kupita kiasi. Masika ya mwaka ule wa hamsini na tano, mama yake Natalia, Scolastica, alikuwa ng'ambo ya mto na kikapu chake cha mpunga, anangoja wa kumvusha. Ukatokea mtumbwi, na mpiga kafi alikuwa Ildefonce. Sasa, mkwe hamtazami mama mkwe usoni, sembuse kukaa naye magoti kwa magoti katika mtumbwi mwembamba. Kijana aliona haya, akageuza mtumbwi bila neno, akaenda kutafuta mtu mwingine wa kumvusha. Kabla hajampata, mvua ilishuka. Mama alinyeshewa mpaka jioni, akaugua kifua. Sebastiani alikwenda Namawala siku ile aliyopata habari, akamchukua binti yake.

"Kijana alifanya heshima," alikuwa anasema Hermenegildi, mjomba wake Ildefonce, aliyekuja kumsemea. "Angempakia, ungesema amekuvunjia adabu."

"Heshima gani ya kumwacha mtu mvuani?" alisema Sebastiani. " Basi, twende kwa jumbe. Karani aandike."

Natalia aliacha mchele. Maneno ya ukumbini mtu huweza kuyameza kesho yake, lakini ya karani husomwa mbele za watu, na baba yake si mtu wa kurudi nyuma mbele za watu.

"Mama," alinong'ona, "wewe unasemaje?"

Scolastica, aliyekaa kando yake, alijikunyata kwenye khanga. "Nilimwona alivyogeuka. Alipiga kafi kama mtu anayekimbia nyuki. Nilicheka, mwanangu. Ndipo mvua ikaja."

"Mbona hukumwambia baba?"

"Nilitaka anihurumie kidogo. Akanihurumia mno."

Natalia alitokea mlango wa nyuma, akakimbia kwa bibi Domitila, mtani wa ukoo wao. Mtani huwezi kumkasirikia. Domitila aliwahi kumtukana Sebastiani msibani, mbele ya jeneza, na Sebastiani akampa kuku.

Bibi aliingia ukumbini bila hodi. "Hamjambo, kambale mliokaukiwa na maji?"

"Domitila, hapa pana kesi," alisema Sebastiani.

"Kesi ya nani? Aliyenyeshewa ni wewe?" Akazunguka ua, akarudi amemshika Scolastica mkono. Ildefonce, aliyekuwa amekaa pembeni, aliinamisha kichwa. Mama mkwe naye akajifunika khanga usoni. Domitila akasimama kati yao. "Haya, semeni na mimi. Mimi sina haya, mnajua wote."

Sauti ya Scolastica ilitoka ndani ya khanga. "Mwambie sina kinyongo naye. Mwambie nilicheka."

Domitila alimgeukia kijana, akayarudia kwa sauti kubwa kana kwamba ni kiziwi.

"Mwambie mama nilirudi na mtu," alisema Ildefonce, macho chini. "Tulimkuta amekwisha kuvushwa. Tangu siku hiyo usingizi hauji."

Wazee walianza kutikisa vichwa kwa kuridhika, lakini Sebastiani hakuwa mmoja wao. "Maneno mazuri," alisema. "Kesho mama yuko ng'ambo tena, na mvua inakuja, na mtumbwi ni wako peke yako. Utafanyaje?"

Natalia, aliyekwisha kurudi nyuma ya ua, alichungulia kati ya matete. Alimjua mumewe, hajui kudanganya, na hapo palihitaji uongo mzuri.

"Nitashuka majini," alisema Ildefonce. "Mama atapanda peke yake, anipe mgongo. Mimi nitausukuma mtumbwi kwa nyuma mpaka ng'ambo."

"Mto ule una mamba."

"Najua, baba."

Natalia aliona machozi yanamtoka mwenyewe, hakuyafuta.

Ndipo Scolastica akateremsha khanga. Kwa mara ya kwanza tangu arusi alimtazama mkwe wake usoni, na hakupitisha neno kwa mtani.

"Ildefonce, mwanangu," alisema, "utakaa ndani ya mtumbwi na mimi. Mungu atatusamehe wote wawili. Sikumlea huyu binti ili haya zangu zimfanye mjane."