Cheruto Hajatoka Kazini

Umewahi kuona waridi likigeuza shingo? Sisemi kuinama kwa kiu, la. Kugeuka, kama mtu aliyeitwa kutoka nyuma. Kama hujaona, vuta kigoda, na hiyo chai usiiache ipoe.

Katika shamba moja la maua nje ya Molo, mawaridi yote yalikuwa yakitazama upande wa Mau Summit, kwa sababu ukipita Mau Summit ukaenda tu, ukavuka jangwa na bahari, unafika Ulaya, na Ulaya ndiko walikokuwa wanunuzi. Kisha wakubwa wa dunia wakakosana juu ya ushuru. Redio ikasema nchi za Magharibi zimemfungia Mchina mlango, Mchina naye amefungua dirisha, na sisi tumealikwa chai nyumba zote mbili. Asubuhi moja, kwa ile baridi ya Molo inayouma hadi kwenye meno, wafanyakazi walikuta mawaridi yamegeuka, yanatazama Nakuru, kule jua linakotokea. Mburu, supavaiza, alipita mistari yote akijikuna kidevu. Akaamuru meza za kufungia mashada zihamishiwe ukuta wa pili, watu wasifanye kazi huku maua yamewapa kisogo. Haukupita muda, habari zikaja kwamba Mzungu mwenye shamba anamuuzia Mchina.

Mstari mmoja tu haukugeuka, ule wa mwisho katika grinihausi ya kando ya mto. Mawaridi yake yalitazama mlango, yakimngoja Cheruto.

Chepchumba, mamake Cheruto, aliuza uji wa wimbi langoni. Huyo Cheruto alikuwa kifungua mimba wake. Alimzaa akiwa safarini, juu ya magunia ya viazi, lori likiteremka Mai Mahiu, ndiyo maana akampa jina la mtoto wa safari. Alipokuwa mkubwa akaajiriwa kukata maua. Siku aliyokufa, waliingizwa ndani dawa ya wadudu ikiwa bado inadondoka majanini, kwa kuwa ndege ilikuwa inangoja, na kule Ulaya sikukuu ya kuwashukuru mama zao ilikuwa imekaribia. Dawa yenyewe ilipigwa marufuku huko huko inakotengenezwa. Kabla ya chai ya saa nne Cheruto alikuwa chini, povu mdomoni. Ofisi ikasema hakuwa mfanyakazi wao, ati alikuwa ameacha kazi jana yake.

Akazikwa nyumbani, nyuma ya zizi. Lakini kwa vile ofisi haikukubali kwamba alifia kazini, hakuwa na namna ya kutoka kazini. Kila jioni wenzake wakitundika aproni, yeye aliingia na ovaroli yake ya buluu iliyoshonwa kiraka kwapani, akakata maua hadi giza. Nangila, mfungaji wa mashada, alimwachia makasi kwenye ndoo, maana makasi ya kunyang'anyana huleta ugomvi.

Chepchumba alisimama nje ya ua, akamuuliza kupitia matundu ya waya kile ambacho mama yeyote huuliza.

"Umekula?"

"Nitakula nikitoka."

Walikuwa hawana jingine.

Basi Chepkosgei, mdogo wake Cheruto, akajifungua mtoto wa kike. Kwao, mtoto akizaliwa, akina mama huketi naye wakayataja majina ya waliokufa, moja moja. Jina atakalolipigia chafya, huyo ndiye aliyerudi. Waliita bibi, wakaita mama wa bibi, wakaita shangazi aliyekufa kwa radi. Mtoto kimya, macho darini. Kogo Chepchirchir, bibi mkongwe kuliko wote, akatoa ugoro ili kusaidia kidogo, ukampanda yeye mwenyewe, akapiga chafya hadi kitambaa kikamtoka kichwani.

"Haya, mwiteni Chepchirchir," alisema mmoja, "ingawa mwenyewe bado anamaliza ugali wetu."

Walicheka. Mtoto hakucheka, na ziwa hakushika. Kila siku alizidi kuwa mwepesi. Mtoto asiye na jina hajui kama amefika.

"Mama, mbona humwiti dada?" Chepkosgei aliuliza.

"Dada yako yuko kazini," alisema Chepchumba.

Siku ya kukabidhiana shamba, Chepchumba alivaa leso safi akaenda. Mzungu na Mchina walikuwa wakipigwa picha katikati ya maua, na msichana aitwaye Sue, aliyesomea China, akiwafasiria. Chepchumba aliwaambia anataka neno moja tu: waseme mtoto wake alifia hapa. Mzungu akasema pole sana, lakini shamba si lake tena. Mchina akasema pole sana, lakini siku ile shamba halikuwa lake bado. Sue alifasiri pole zote mbili vizuri, hakuangusha hata moja.

"Mathe, si umesikia wenyewe," Mburu alimnong'oneza.

Mchina akaona ule mstari. Akauliza kwa nini maua haya hayatazami kwa mnunuzi.

"Yanamtazama msichana wa jioni, boss," alisema Mburu.

"Analipwa?"

"Hapana."

"Basi aachwe."

Jioni hiyo Chepchumba alimfunga mjukuu mgongoni, wakasimama na Chepkosgei nje ya mlango wa grinihausi, mbali kidogo, lakini harufu ya dawa ilitoka ikawafuata. Ndani makasi yalilia, kwa, kwa, kwa.

"Umekula?"

"Nitakula nikitoka."

Chepchumba alishusha pumzi.

"Cheruto, mwanangu. Umekufa. Dawa yao ilikuua, hapo hapo uliposimama. Hawa hawatasema, na wale hawakusema. Mimi mamako nasema. Cheruto. Kazi imeisha."

Makasi yakanyamaza. Mgongoni mtoto akapiga chafya, moja, kubwa. Kama ni jina au ni dawa, hakuna aliyeuliza. Mawaridi ya mstari ule yakaanza kugeuka, moja baada ya jingine, hadi yote yakatazama Nakuru.

Mburu alichungulia kutoka kwenye bomba la kunyunyizia, alikokuwa akichanganya dawa ya asubuhi.

"Mathe, sasa umenitolea mtu. Kesho itabidi niweke msichana mwingine hapo."

Akaendelea kukoroga. Cheruto aliyaweka makasi kwenye ndoo, akajifuta mikono kwenye ovaroli, akaja hadi mlangoni. Safari hii hakungoja kuulizwa.

"Mama," alisema, "nina njaa."