Samson Hakutia Mrija

Leonia alikuwa wa kwanza kuvuta. Aliinama juu ya chungu, akavuta mrija mpaka mashavu yakabonyea, akameza, kisha akatutolea ulimi kama mtoto anayethibitisha kwamba dawa imeshuka.

"Mmeona? Sijafa. Kaeni."

Ndivyo bibi yake wa Kasulu alivyomfundisha. Mwenye pombe huonja mbele ya wageni kabla hajawakaribisha, ili kila mtu aone kwamba hakutia kitu. Kisha wageni hupewa imiheha, mirija mirefu ya kunywea, na wote hunywa katika chungu kimoja.

Tulikuwa wanne uani kwa shangazi yake Leonia, Bangwe, Jumamosi alasiri, ziwa likimeta chini ya mteremko. Tulisoma sekondari pamoja hapa mjini. Vyuo vikatutawanya, ajira na ukosefu wa ajira vikaturudisha. Leonia alisomea sayansi ya chakula, na badala ya kusubiri kiwanda kimwite, alianza kupika bia yake mwenyewe kwenye ndoo: ya ndizi, ya mtama, na moja ya asali ambayo chupa zake zililipuka kabatini, shangazi akatoka mbio akisema vita vya Burundi vimerudi.

Mimi sinywi. Nimezaliwa Ujiji kwa watu wa kuswali, na Leonia hunitengenezea tangawizi isiyochachuka, katika chupa aliyoiandikia "Hajati Yasmini" kwa kalamu nyekundu. Naufuata ule ua kwa ajili ya maneno. Pale ndipo tulipobishana kama mashairi yanaweza kufundishwa, kama dawa za kienyeji zipimwe kwa vipimo vya hospitali, na kwa nini barabara hutengenezwa mwaka wa uchaguzi. Niliamini, na bado naamini, kwamba nchi inaweza kutengenezwa na watu wanaobishana bila kuchukiana. Siku ile nilikaribia kuacha kuamini.

"Chungu kimoja, mate ya watu watatu," Jeremia alisema, akiutazama mrija wake kwenye mwanga. "Leonia, huu ni utamaduni au ni maabara ya kipindupindu?"

"Mirija nimeichemsha, bwana mtaalamu. Na humo ndani kuna kileo na tindikali. Vijidudu vyako vitaogelea mpaka vichoke."

"Umepima?"

"Nimepima. Wewe unapima samaki, mimi napima uchachu. Vuta, acha woga."

Jeremia akacheka, akatia mrija, akavuta. Akafumba macho. "Aisee. Hii ina ndimu?"

"Ganda la limau. Na mtama uliooteshwa. Hiyo ni kazi ya wiki nzima, kwa hiyo usiseme 'nzuri' tu. Sema jambo."

Ndipo nilipomwona Samson. Alikuwa ameketi mkekani kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Mrija wake alikuwa ameulaza juu ya magoti. Hakuwa ameutia chunguni.

Leonia naye aliona. Tabasamu lake liliondoka polepole.

"Samson," alisema, "unaumwa?"

"Hapana."

"Basi tia mrija."

"Wewe si ulisema leo tufanye kama wazee walivyofanya?" Samson alimtazama yeye, si Jeremia. "Mimi ni mtoto wa Ilagala. Mama yangu ni Muha kama bibi yako. Mtu mwenye shauri na mwenzake aliyekaa hapo hatii mrija mpaka shauri lisemwe. Nimefanya vya wazee."

Leonia alikuwa ameleta chungu kwa ajili ya furaha. Alitaka tuione bia yake imevaa nguo za nyumbani. Hakufikiri kwamba ukishakileta chungu, kinakuja na sheria zake.

"Shauri na nani?" niliuliza, ingawa tulikuwa watu wanne tu na mimi sikuwa kwenye chungu.

"Na huyu." Samson alimwonyesha Jeremia kwa mrija. "Jumatatu anakwenda kuufunga mlango wa mama yangu. Jumamosi anakuja kunywa na mimi."

Jeremia aliacha kuvuta. Anafanya kazi na watafiti wa ziwa. Kwa miaka miwili alikuwa akienda na boti hadi mdomo wa Mto Malagarasi, karibu na Ilagala, kuvua, kupima na kurudisha majini. Jumatatu palikuwa na kikao mjini kuhusu uvuvi, na yeye ndiye angezungumza kwa niaba ya wenzake. Hayo tuliyajua. Mimi na Leonia hatukujua angesema nini; Samson, inaonekana, alikuwa amesikia.

"Ningekuambia leo," Jeremia alisema.

"Leo saa ngapi? Chungu kikishakauka?"

"Nilikuwa natafuta namna ya kuanza."

"Anza sasa."

Jeremia alishusha pumzi. "Tutapendekeza pale kwenye mchanga, mdomoni mwa mto, pasivuliwe kabisa. Mwaka mzima. Si ile miezi mitatu tu ambayo ziwa zima hufungwa. Pale ndipo kuhe, wale samaki wakubwa, wanapotagia."

"Ziwa likifungwa watu wanavumilia," Samson alisema. "Wanalima muhogo, wanauza kuni, wanakopa. Likifunguliwa, pale mchangani ndipo wasio na injini wanapovua. Mwenye boti kubwa ataenda katikati. Mama yangu na mtumbwi wa kasia aende wapi? Ulihesabu samaki. Ulihesabu watu?"

"Nilihesabu samaki kwa sababu ndiyo kazi yangu. Na kuhe, Samson, sikiliza, kuhe hazai mara mbili. Dume na jike wanakaa na watoto wao kulinda, hawali, mpaka wanakonda na kufa. Mkiwakokota kwa makokoro, zile nyavu za kuburuta, wakiwa pale, hamvui samaki wawili. Mnavua kizazi. Mwaka jana nilipotia wavu nilipata watoto wao tele. Mwaka huu naleta majani."

"'Mkiwakokota.' Sasa ni 'mkiwakokota.'"

"Nani anawakokota, mimi?"

"Hebu punguzeni sauti," Leonia alisema. "Shangazi amelala."

Shangazi hakuwa amelala. Pazia la dirisha lilikuwa limesogea.

Samson alikuwa anagombea udiwani wa kata yao katika uchaguzi mdogo. Diwani wa zamani alikuwa amefariki. Kampeni yake tuliifanya sisi wenyewe pale uani, tukamwandikia hotuba, tukamkataza kusema "ndugu zangu wananchi" kila baada ya sentensi moja. Nilimpenda kama kaka, na Jeremia vilevile. Nikatafuta njia ya kuwaokoa wote wawili.

"Jeremia," nilisema, "haiwezekani ukangoja? Useme matokeo hayajakamilika. Uchaguzi upite kwanza, halafu mzungumze kwa utulivu."

"Yasmini!" Leonia alinigeukia kama nimemtemea kwenye bia. "Hiyo inaitwa uongo. Umeutia sukari, lakini ni uongo."

"Si uongo, ni subira."

"Matokeo yamekamilika," Jeremia alisema kwa upole uliokuwa mbaya kuliko hasira.

Lakini Samson alikuwa amelidaka neno langu kwa mikono miwili. "Yasmini amesema vizuri. Wiki chache tu. Sikuombi ufute kitu. Ngoja tu mpaka watu wapige kura. Nini kitaharibika katika wiki chache? Nakuomba, kaka. Nakuomba kabisa."

Alisema haraka sana. Samson si mtu wa kuomba. Hata shuleni alichapwa kwa kukataa kuomba msamaha. Leonia alimtazama muda mrefu, kisha akauliza, taratibu:

"Samson. Umewaambia nini watu wa Ilagala?"

Samson alikuwa akiukunja mrija kati ya vidole.

"Umewaambia nini?"

"Nimewaambia hapafungwi."

"Nani alikuambia hapafungwi?"

"Walikuwa wanauliza! Kila mkutano, swali ni hilo moja tu. Yule mpinzani wangu anawaambia wasomi wa mjini wanakuja kuwafukuza ziwani. Nifanye nini? Nikasema hapafungwi. Nikasema mtaalamu mwenyewe ni rafiki yangu, ameniambia kwa mdomo wake."

"Ukanitaja jina?" Jeremia aliuliza.

"Wanakujua. Wanakuona na boti yenu."

"Ukanitaja jina, Samson?"

"Nikakutaja. Walishangilia. Walisema, huyo kijana ni wetu."

Jeremia alisimama. Aliuchomoa mrija wake chunguni, matone ya bia yakaanguka mkekani, na Leonia akatoa mguno kana kwamba amemwagiwa maji ya moto.

"Wiki ijayo nashuka pale mwaloni Ilagala, boti za wavuvi zinapotia nanga," Jeremia alisema. "Mimi na wasichana wawili wa mafunzo. Watu watakuwa wameshasikia nilichosema kikaoni. Wewe umezaliwa pale. Niambie, mtu aliyewadanganya wanampokeaje?"

Samson aliinamisha kichwa.

"Niambie!"

"Vibaya," alisema Samson.

Leonia alikuwa amekishika chungu kwa mikono miwili kama mtu anayezuia kisianguke, ingawa hakuna aliyekigusa.

"Bibi hakunifundisha kinachofuata," alisema. "Alinifundisha kuonja, na kugawa mirija, na kwamba shauri lisemwe. Likishasemwa sijui inakuwaje."

"Basi," Jeremia alisema. "Kesho naenda Ilagala. Sitangoja Jumatatu. Nitawaambia wao kwanza, kabla ya wakubwa wa kikaoni, uso kwa uso. Nitawaambia nilichokipata, waniulize watakavyo. Na nitawaambia sikukuambia lolote."

"Ukisema hivyo nimekwisha."

"Sema wewe, basi. Twende wote, useme mwenyewe."

"Nikisema mwenyewe nimekwisha vilevile! Jamani, mgombea anasimama kusema 'niliwadanganya'? Yule mwenzangu ana spika kama nyumba na hana aibu hata kidogo. Atanizika na muziki juu."

"Huenda."

"Si huenda."

"Sawa, si huenda." Jeremia alikuwa anatafuta viatu vyake. Kimoja kilikuwa chini ya benchi, akapiga magoti kukivuta. "Usipokuja naenda peke yangu. Mtumbwi wa asubuhi upo."

"Usiende peke yako!"

Samson alilisema hilo kabla hajafikiri. Sauti ilimtoka kwa nguvu, na pazia la shangazi likatikisika. Tukabaki tunamtazama. Yeye mwenyewe alionekana kushtushwa na alichokisema, maana kilikuwa kimekwisha kukata shauri: kama alimwogopea Jeremia, basi alijua ni nani aliyemweka kwenye hatari.

Akatoa simu. Alikaa nayo mkononi, kioo kikazima, akakiwasha tena. Kisha akapiga, akaweka sauti ya nje, akaiweka simu juu ya mkeka kati yetu.

"Mjomba Anatoli, shikamoo."

"Marahaba, mheshimiwa!" Nyuma ya sauti ile palikuwa na kelele za mwaloni, watu, injini ikijaribu kuwaka. Anatoli ndiye aliyewaongoza wavuvi wa pale. "Habari za mjini?"

"Mjomba, lile neno nililosema mkutanoni. Kwamba Jeremia aliniambia hapafungwi." Akaisogelea simu. "Hakuniambia. Nilijitungia."

Injini ile iliwaka, ikazima.

"Rudia," mjomba alisema.

"Nilidanganya, mjomba. Kesho nakuja kusema mbele ya watu. Jeremia anakuja naye, atawaeleza anachotaka kupendekeza. Hamtakipenda. Lakini hakuwadanganya. Mimi ndiye niliyedanganya."

Hapo mjomba alianza kusema Kiha, kwa kasi, na mimi wa Ujiji niliambulia nusu tu. Nilielewa neno la aibu. Kisha akarudi kwenye Kiswahili, nadhani ili sote tusikie.

"Mama yako yuko hapa. Amesikia."

Mama hakuongea Kiha. Aliongea polepole, kwa sauti ya mtu anayesimama mbali na simu. "Siku ile nilipiga vigelegele, Samson. Mbele ya wenzangu wote. Njooni asubuhi, kabla watu hawajaenda kanisani. Na wewe uwe wa kwanza kushuka."

Simu ikakatika.

Samson alikuwa amefunika uso kwa viganja, mabega yakipanda na kushuka, na Jeremia akiwa na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Nilidhani ataondoka. Badala yake aliketi chini, si karibu naye sana, si mbali.

"Mama yako anauliza maswali magumu?" aliuliza.

"Kuliko maprofesa wako." Samson alijipangusa uso kwa mkono wa shati. "Na hatakuuliza kwa Kiswahili. Kwenye simu alijizuia tu; akikasirika kweli ni Kiha tupu."

"Kiha changu ni cha sokoni."

"Najua. Ni aibu, mtu amekulia Katubuka, katikati ya Waha."

"Utanitafsiria?"

Samson aligeuka kutazama ziwa, upande wa kusini, ambako kesho mtumbwi ungetupeleka. Maana Leonia alikuwa ameshasema anakuja, na mimi nilikuwa nafikiri nitamwambia nini baba.

"Nitatafsiri unachosema," Samson alisema mwishowe. "Sitakisifu. Na nikiona umewasahau watu, nitakupinga hapo hapo, mbele yao."

"Sawa."

"Haya, sema. Nisikie utakavyoanza."

Jeremia akakohoa. "Ziwa Tanganyika, kama mnavyofahamu, ni miongoni mwa maziwa yenye kina kirefu—"

"Hapana, hapana," Samson akamkatiza. "Watakuzomea. Anza na jina lako na la baba yako. Halafu nyamaza, waache wakutukane kwanza."