Mzima wa Kigiriki

Tangu lori la pamba lipinduke kule Bukundi akakatwa mguu, Luhende hakujibu tena salamu. Ukimwuliza "Mhola?", anatazama ukuta. Kisukuma kinauliza kama u mzima, na yeye alishatoa hukumu yake: "Mzima ni aliyekamilika. Mimi nimepungua."

Mkewe Eufrasia, muuza chapati wa stendi ya Bariadi, alizoea nyumba iliyojaa watu mpaka wengine wakalie ndoo. Sasa kesho wanakuja wakwe kumposa binti yao Goodness, na baba mtu hataki kutoka chumbani. "Wataniuliza mhola. Niwadanganye?" Na posa gani hiyo, baba kajifungia?

Asubuhi hiyo Mchungaji Sylvester alipita kunywa chai. Eufrasia akamdaka.

"Mchungaji, lile neno lako la Jumapili, hujainama, maana yake nini hasa?"

"Hugiaino, Mama Goodness!" Mchungaji alicheka hadi chai ikamwagikia shati. "Ni Kigiriki. Kuwa mzima, kuwa na afya."

"Mzima wa kutopungukiwa kitu?"

"Yule wa mkono uliopooza, mkono wake ulipona ukawa mzima. Neno la ukoo huo huo."

Eufrasia akanywea. Hapo Luhende kashinda. Lakini yeye si mtu wa kuachia habari nusu. "Na pengine limetumika wapi?"

"Kwa mwana mpotevu. Kaka yake alisikia ngoma, akauliza kuna nini. Mtumishi akamwambia mdogo wako karudi mzima."

"Walikuwa wapi hao?"

"Nje ya nyumba."

"Basi huo ni umbea!" Eufrasia akavuta kigoda. Hapa sasa alikuwa kwao. "Huyo kijana alirudi na viatu?"

"Alivalishwa na baba yake."

"Ameshiba?"

"Njaa ndiyo iliyomrudisha."

"Na bado wakamwita mzima?"

"Hugiaino. Lile lile."

Chapati ikaungua kikaangoni, na mwenyewe wala hakuigeuza.

Jioni alimmwagia mumewe yote, na chumvi kidogo. Luhende alisikiliza, kisha akauliza polepole, "Alikuwa na miguu yote miwili?"

"Hawakusema. Baba yake hakuhesabu, alikumbatia tu."

Luhende akageukia ukuta. Eufrasia akalala hajui kesho itakuwaje.

Kesho yake wakwe walijaa uani, Mzee Mayala mbele, mshenga wao. Eufrasia alikuwa akibabaisha eti mwenyeji anavaa, mlango ukafunguka. Luhende akatoka na magongo, shati limepigwa pasi.

"Mwangaluka, baba," Mzee Mayala akaamkia, macho yakimponyoka kuelekea chini. "Mhola?"

Eufrasia akaung'ata mtandio.

"Mhola," Luhende akasema. "Ila mguu mmoja umebaki Bukundi, msiungoje. Karibuni, kaeni."

Mzee Mayala ndiye aliyeanza kucheka. Viti havikutosha. Eufrasia akakimbilia ndoo.